Kipande Tulichokiacha Bila Kitu

Grini yetu ya saba ilianza kuugua mwezi wa Januari. Anayeijua Arusha anajua Januari ilivyo: vuli imekwisha, masika bado yako mbali, jua linachoma tangu saa tatu asubuhi. Nilikuwa msimamizi wa viwanja katika klabu ndogo ya gofu yenye mashimo tisa, upande wa mashariki wa mji. Kwa wasiocheza gofu, grini ni kile kiwanja kidogo chenye shimo na bendera. Majani yake hukatwa mafupi mno, kwetu yalikuwa milimita 5, ili mpira ubingirike kama juu ya zulia. Ukoka ule ule unaoota kando ya barabara unavumilia ukataji huo, lakini ukikatwa hivyo kila siku unabaki bila akiba. Ukikosea maji au mbolea leo, kesho asubuhi kila mtu ameshaona.

Yalianza mabaka ya njano, yakaungana, yakawa kahawia. Tulimwagilia usiku, na asubuhi tukakuta maji yamesimama juu kama kwenye sinia. Nikichimba kwa kisu, vidole vitatu chini udongo ulikuwa mkavu kama unga.

Kamati ikasema ni ukungu. Na mimi nikasema ni ukungu. Dawa ikaagizwa kutoka Nairobi kwa bei ambayo ingelipa mishahara ya vibarua wawili kwa miezi kadhaa, tukapuliza, tukarudia, tukarudia tena. Machi mvua za masika zikaanza na majani yakarudi. Tukapongezana. Katika daftari la kazi niliandika kwa mkono wangu: "Dawa imefanya kazi." Daftari hilo ninalo mpaka leo, na sentensi ile bado inaniuma, kwa sababu Januari iliyofuata ugonjwa ulirudi vile vile, na kwa kuwa daftari lilisema dawa inafanya kazi, tukanunua nyingine.

Kitu ambacho sikukiandika ni madimbwi. Hata katikati ya masika, mvua ikikatika, maji yalibaki juu ya grini kwa saa nyingi, wakati hatua kumi pembeni ardhi ilikuwa imekwisha kuyanywa. Nilikuwa nayapita kila siku.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mmeru aliyekuwa kedi wa klabu tangu ujana wake, akibeba mifuko ya fimbo za watu. Nilimwamkia asubuhi moja, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ni ugonjwa gani huu unaojua mpaka?"

Sikumwelewa. Akanishika mkono tukaizunguka grini. Kweli, mabaka yaliishia pale pale mpira wa maji unapoishia kurusha. Nje ya duara hilo, kwenye ukoka ambao haujawahi kupata tone la kisima, unaoishi kwa mvua tu, hapakuwa na jani moja lenye shida. Akanionyesha ukoko mweupe kwenye vichwa vya kumwagilia. Halafu akafungua mdomo akaniachia nione meno yake ya kahawia. "Maji haya sisi tumeyanywa tangu utoto. Tunayajua."

Miaka miwili nilikuwa natafuta adui ndani ya jani, wakati alikuwa anaingia kwa bomba, na sisi ndio tuliokuwa tunawasha pampu.

Nilichojifunza baadaye kuhusu maji ya miteremko ya Mlima Meru nitakieleza kidogo, kwa sababu wengi wetu huku tunaishi nayo bila kuyaelewa. Miamba ya volkano inayayeyushia maji ya chini sodiamu, baikaboneti na floraidi. Floraidi ndiyo inayoharibu meno na mifupa, na ndiyo sababu pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi miaka mingi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Kwa udongo, mbaya zaidi ni sodiamu. Chembe za udongo wa mfinyanzi hushikamana katika vijibonge kwa msaada wa kalsiamu, na katikati ya vijibonge hivyo maji na hewa hupita. Sodiamu ikizidi inaichukulia kalsiamu nafasi yake, vijibonge vinavunjika, na chembe zilizotawanyika zinaziba kila tundu. Baikaboneti nayo inaongeza tatizo: maji yanapokauka, inaikamata kalsiamu iliyobaki na kuigeuza chokaa. Kadiri tulivyomwagilia ndivyo tulivyozidi kuifunga ardhi.

Haya nilielezwa na kijana aliyekuwa anasoma shahada ya mambo ya maji kule Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela. Hakunieleza kwa mdomo tu. Alichukua chupa tatu za plastiki. Ya kwanza aliweka udongo wa grini na maji ya mvua. Ya pili akaweka udongo wa nje ya duara na maji ya mvua. Ya tatu ilikuwa kama ya kwanza, ila akaongeza kijiko cha jasi. Akatikisa zote, akaziweka dirishani mwa stoo. Kesho yake ya kwanza ilikuwa bado ina rangi ya chai ya maziwa. Ya pili na ya tatu maji yalikuwa maangavu na udongo umetulia chini. Nilikaa mbele ya dirisha lile muda mrefu. Dawa zote tulizonunua zilikuwa zinajibu swali ambalo ardhi yetu haikuwa imeuliza.

Jasi ni madini yenye kalsiamu, na huhitaji kuifuata mbali. Inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, njiani kuelekea Tanga. Lakini kuijua jasi siyo kujua kuitumia. Uweke kiasi gani? Juu tu, au uitoboe ardhi kwanza? Wakati gani wa mwaka? Kalsiamu ikishaing'oa sodiamu, lazima yapite maji mengi ya kuisukuma chini ya mizizi, la sivyo inabaki pale pale. Nilitafuta kwenye vitabu na mtandaoni. Waandishi wa nje wanashauri kutoboa mwanzoni mwa majira yao ya joto, majani yanapokua kwa kasi. Sisi hatuna majira hayo. Tuna masika na vuli, na kalenda ya kutoboa grini ya ukoka chini ya Meru, inayonyweshwa maji ya magadi, sikuiona popote.

Kwa hiyo nilihitaji jaribio, na jaribio linahitaji pesa.

Nilipeleka ombi kwenye kamati: vipimo vya maji na udongo maabara, magunia ya jasi, siku za vibarua. Jumla yake haikufikia hata nusu ya bei ya dawa za msimu mmoja. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sisi ni klabu, si chuo kikuu. Tuletee dawa inayofanya kazi, tutalipa." Hakuwa mtu mbaya. Dawa ina lebo, ina risiti, na akiulizwa na wanachama ana cha kuonyesha. Swali halina lebo.

Usiku huo na mingine iliyofuata nilisoma kwenye simu jinsi wenzetu walivyofika walipofika. Nilidhani majani mazuri ya nje yametokana na utajiri tu. Nikakuta chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilianzisha idara yake ya majani mwaka 1920, kikishirikiana na wataalamu wa wizara ya kilimo waliokuwa na vitalu vya majaribio huko Arlington, mahali ambapo baadaye lilijengwa jengo la Pentagon. Uingereza nao wakafungua kituo chao Bingley mwaka 1929, hasa kwa ajili ya matatizo ya watunza viwanja. Walianza kwa sababu kila klabu ilikuwa inarudia makosa ya jirani yake na kulipia dawa zile zile zisizofaa. Nilihisi wananieleza mimi.

Aliyenigusa zaidi ni Glenn Burton, mtaalamu aliyefanya kazi Tifton, Georgia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuboresha ukoka kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Watu wa gofu wakamwendea na tatizo lao, naye akachanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake mwenye majani membamba kutoka Afrika Kusini. Zikatoka aina mpya za ukoka, Tifgreen mwaka 1956 na Tifdwarf mwaka 1965, ambazo zimepandwa kwenye grini za nchi nyingi zenye joto. Ukoka ulitoka bara letu, ukafanyiwa utafiti kule, na leo unarudi kwetu kwa bei. Simlaumu yeyote kwa hilo. Aliyeuliza swali ndiye aliyepata jibu. Na Burton huyo huyo ndiye aliyetoa mmea mama wa uwele, Tift 23A, uliowawezesha Wahindi miaka ya 1960 kupata uwele chotara wenye mavuno makubwa. Mtu mmoja, kituo kimoja: ng'ombe, gofu na chakula cha maskini.

Jambo hili la uwele nilikuwa nalihitaji sana, kwa sababu ya baba.

Baba ni mkulima wa kahawa Machame. Nilipomweleza kwamba nachangisha pesa za utafiti wa majani ya gofu, alinitazama kwa huzuni. "Mwanangu, watu wanakosa dawa hospitalini, nyie mnatafiti majani ya kuchezea?" Sikuwa na jibu la haraka, na bado naona swali lake ni la haki. Nikamuuliza kuhusu makato ya kahawa. Miaka mingi amelalamika kwamba sehemu ya mauzo yake inakatwa kwa ajili ya utafiti pale Lyamungu. Kituo kile kimekuwapo tangu mwaka 1934, na tangu 2001 kinaendeshwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kwa michango ya wadau wa kahawa wenyewe. "Na miche ya vikonyo uliyopanda kule chini, ile isiyopata ugonjwa wa chulebuni, ilitoka wapi?" Alinyamaza, akanywa chai yake. Mwisho akasema, "Basi hakikisheni na sisi tusiocheza tunapata kitu."

Neno hilo nililichukua kama sharti, na naamini hadi leo ni sharti sahihi kwa pesa yoyote ya utafiti wa gofu katika nchi kama yetu. Klabu inatumia maji ya kisima kile kile na udongo ule ule wa wanakijiji walioizunguka. Ikilipia swali, na lichaguliwe swali ambalo jirani naye analo.

Nilirudi kwenye kamati na pendekezo jipya: kila mchezaji aongeze shilingi 1,000 kwa raundi, iingie kwenye mfuko wa pekee, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi. Wengi walikubali bila kelele. Aliyeuliza swali la maana alikuwa mama mmoja mwanachama, mstaafu wa idara ya kilimo. "Kijana, ni kipande kipi mtakiacha bila kitu?"

Nikamjibu kwamba tunataka kuponya zote, Mama.

"Usipokiacha kimoja bila kitu, mvua itakudanganya tena."

Nilikumbuka daftari langu. Kumbe haikuwa dawa wala akili yetu, ilikuwa masika. Mvua ilileta mawingu na ubaridi, ikasukuma chumvi chini kidogo, majani yakapumua, na sisi tukaisifu chupa.

Tulipima vipande kumi na viwili kwenye grini ya mazoezi, mita mbili kwa mbili kila kimoja. Vitatu bila kitu, vitatu jasi juu tu, vitatu kutoboa tu, vitatu kutoboa na kujaza mchanga wenye jasi. Kipande gani kipate nini tulipiga kura, karatasi ndani ya kofia, ili nisijipendelee mimi mwenyewe kwa kuweka jasi mahali pazuri. Mashine ya kutoboa hatukuwa nayo. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Unga Limited alitutengenezea uma wa vipande vya bomba jembamba, unaotoa vijiti vya udongo kama mihogo midogo. Ulikuwa mzito, lakini ulifanya kazi. Tulimaliza mwisho wa Februari, ili masika yatufanyie kazi ya kusafisha.

Aprili nikaona jambo la ajabu: vipande viwili visivyo na kitu vilikuwa vinapona. Nilipiga magoti nikachunguza, nikaona unga mweupe kwenye mashina. Nikauliza. Kijana wetu wa mashine ya kukata, mmoja wa vibarua wenye bidii kuliko wote, akasema ni yeye. Wachezaji walikuwa wanapita wakimuuliza mbona ameacha sehemu mbaya, naye akaona aibu, akachota jasi stoo jioni akavinyunyizia. "Nilivihurumia, kiongozi."

Nilikasirika, halafu nikaona kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaeleza kamati, wanachama na mwanafunzi wa Tengeru. Wale wanne wanaoshika mashine kila alfajiri sikuwaeleza neno. Niliwapa vijiti vya mwanzi vya kuweka mpaka na kuwaambia wasivisogeze, basi. Tukapoteza masika mazima, na ilibidi nisimame mbele ya waliochanga niseme hivyo, na kwa nini. Wawili waliacha kuchangia. Ndipo tukaketi na vibarua wote chini ya mti, zile chupa tatu mbele yetu, wakazitikisa wao wenyewe. Yule kijana ndiye aliyeuliza maswali mengi.

Mwaka uliofuata tulianza upya. Kupima hakukuhitaji chombo cha bei: kopo la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili, linakandamizwa ardhini, unamimina kipimo kimoja cha maji, unaangalia saa ya simu. Kwenye vipande visivyo na kitu tulikuwa tunamaliza chai na maji bado yapo. Jasi ya juu tu haikuonyesha tofauti kubwa msimu ule wa kwanza. Kutoboa tu kulisaidia kwa wiki chache, kisha matundu yakajifunga. Palipotobolewa na kuwekwa jasi, maji yalikuwa yanazama huku tunayatazama. Tukachimba mizizi: kwenye udongo mgonjwa ilikuwa na urefu wa pingili moja ya kidole, kwenye ule mwingine ilifika kidole kizima. Januari ilipofika, vipande vile vitatu vilibaki kijani bila tone la dawa ya ukungu.

Hatukugundua jambo jipya duniani. Kemia ya jasi inajulikana zamani. Tulichonunua kwa shilingi zetu ni kiasi, namna na wakati wa mahali petu, na hicho hakuna ambaye angetuletea.

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, analima nyanya na mboga kule kata ya Maji ya Chai. Vitalu vyake vya miche vilikuwa vinapata ukoko mgumu na mbegu zinashindwa kutoboa. Nilimpelekea chupa tatu. Udongo wake ulitoka mbaya kuliko wa grini yetu. Jasi kwa shamba zima hawezi, nauli ya lori peke yake inamshinda, na sitadanganya kwamba tumelitatua hilo. Anaiweka kwenye vitalu tu, na miche anainywesha maji ya bati aliyokinga kwenye tangi. Miche inatoka. Majirani zake watatu wamekuja kuomba chupa. Nilimwambia baba.

Sasa mfuko una swali la pili, na safari hii vibarua ndio waliolichagua: kwa nini viwavijeshi huanzia shimo la tatu kila mwaka. Mimi ningechagua lingine, lakini wao ndio wanaowaona kwanza, alfajiri, kabla ya mtu mwingine yeyote kufika.

Grini zote tisa tumezitoboa na kuziwekea jasi. Isipokuwa nyuma ya ile ya saba, pembeni mbali na shimo, tumeacha kipande cha mita moja kwa mbili bila kitu. Wanachama waliomba mara mbili kiondolewe kwa sababu kinaharibu sura, na ikapigwa kura, na kikabaki. Anayekitunza ni yule kijana wa mashine. Wiki iliyopita alikuja mgeni kutoka Moshi akamuuliza mbona pale wamepasahau. Kijana aliweka mashine chini, akaleta makopo mawili na ndoo ya maji, akakandamiza kopo moja ndani ya kipande na lingine nje yake, akamimina.

"Subiri kidogo, mzee wangu," akamwambia. "Tazama."